Rangi ya Kucha Juu ya Pampu

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mafundi na madereva wenzangu, assalaam alaykum, na wenye salamu nyingine, hamjambo. Nimeombwa nisimame hapa mbele na nisizidishe maneno. Wasiwasi huo nauelewa. Mtu aliyefundisha miaka mingi, na anayeandikia magazeti makala ambazo watu hufungia maandazi, ukimpa dakika tano atazila zake na za chai yenu.

Wageni waliokuja leo niwaeleze kwanza. Chama hiki hakimpokei fundi kwa cheti. Anayeomba kuingia husimama akaeleza kazi aliyoiharibu kwa mkono wake, na yule aliyeumizwa na kazi hiyo, akiwa hai, hualikwa akae asikilize. Kisha watu huinua mikono. Mwezi uliopita ndugu mmoja alieleza kwamba alisahau spana juu ya injini, ikaingia kwenye feni. Mlicheka, mkampokea. Mimi nilicheka nanyi, kisha nikarudi nyumbani nikashindwa kumaliza wali wangu. Yangu haichekeshi, ingawa mimi mwenyewe ndani yake nachekesha sana.

Sitamtaja mtu kwa jina. Hata gari sitalitaja kabila lake.

Nilirudi Mombasa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na shahada ya uhandisi kutoka chuo kikuu. Nikapata kazi ya kufundisha chuo cha ufundi, nikapanga nyumba Changamwe, upande wa Airport. Nilijua kila kitu kuhusu injini isipokuwa namna ya kuifungua. Pampu ya dizeli ningekuchorea ubaoni kwa chaki za rangi tatu, lakini ukinipa bisibisi nilikuwa naishika kama kijiko cha uji.

Karibu na kwangu palikuwa na gereji ya mtu ambaye leo nitamwita Fundi, basi. Ni mwenyeji wa Likoni, watu wake ni wakulima wa huko tangu na tangu. Alivuka kivuko kila asubuhi kuja Changamwe kwa sababu, alivyokuwa akisema, kwao minazi ni mingi kuliko magari. Shule aliiacha darasa la nne. Lakini alikuwa akiweka mpini wa nyundo sikioni, na kichwa cha nyundo juu ya injini inayonguruma, anafumba macho, kisha anakwambia, "Nozeli ya tatu haipulizi, inakojoa." Unazifungua hizo pua za kupulizia dizeli, unaikuta ni ya tatu.

Nikawa nakwenda kwake kila Jumamosi, na siku nyingine nikitoka darasani mapema. Nilijiambia nakwenda kujifunza. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mahali pa kuonekana najua.

Mwishoni mwa miaka ile ndipo magari ya dizeli yenye turbo yalipoanza kuteremshwa bandarini, yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Kwa msiozijua injini: turbo ni kama feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa zaidi ndani. Hewa ikizidi unaweza kuongeza mafuta, na mafuta yakizidi nguvu inazidi. Injini ndogo inapata kifua cha injini kubwa. Kwa mtu wa vitabu kama mimi, hayo yalikuwa mapenzi. Nikanunua daftari la jalada gumu, nikaazima chuoni ile saa ya kupimia wanafunzi mbio, na nikawa napanda na kila gari litakalokubali kunibeba, kutoka chini Kibarani mpaka juu Changamwe. Naandika: hii ya lita mbili na nusu yenye turbo, abiria wanne, sekunde kadhaa, ile ya lita tatu isiyo na turbo, abiria wanne, sekunde kadhaa. Nikizilinganisha kama mama anavyolinganisha wakaza wana wake, na kila mara nikimpendelea yule mwembamba.

Sasa, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa dereva wa teksi pale uwanja wa ndege. Gari lake lilikuwa stesheni wagoni, dizeli ndogo yenye turbo, na kazi yake kupeleka wageni hoteli za kusini na kuwarudisha. Alikuwa na mwenzake kwenye stendi ileile mwenye injini kubwa ya kizamani, haina turbo wala haya. Wakirudi na wageni na masanduku yao, mwenzake alikuwa akimpita palepale kwenye mlima wa Kibarani, anapunga mkono. Wakifika uwanjani anamuuliza mbele za watu, "Hiyo turbo yako ni ya kupulizia jiko?"

Shemeji akaja kwangu.

"Shemeji, watu wananicheka. Wewe serikali imekusomesha miaka mingi hivyo. Ilikusomesha nini?"

"Pampu ameipima Fundi," nikamwambia. "Muulize yeye."

"Fundi hana shahada. Wewe unayo. Au lile joho la kwenye picha uliazima?"

Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikuangushwa na ulevi wala na wanawake. Niliangushwa na joho.

Nikaenda kwa Fundi, na hapo mwanzo nilikwenda kwa njia ya sawa, nikamuuliza.

"Fundi, gari la shemeji tuliongezee mafuta kidogo. Na upepo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Skrubu ya mafuta, mzunguko mmoja na nusu."

Aliendelea kujifuta mikono. "Kwa skrubu ile huo si udogo, ni ukubwa. Injini hii imechoka tangu huko ilikotoka. Nimeipa inachoweza kumeza. Mgonjwa ukimlisha pilau kwa upawa hapati nguvu, anapaliwa."

"Vitabu vinasema injini ya namna hii inaweza kubeba zaidi."

"Vitabu vimeiona hii?"

Nikaenda zangu, lakini sikuridhika.

Lazima niwaeleze muhuri wa Fundi, maana kosa langu limekaa hapo. Akimaliza kupima pampu alikuwa akitia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya mafuta. Ilikuwa rangi ya mke wake, nyekundu, kichupa kimoja kilichokaa miaka. Tone likikauka, skrubu haizunguki bila kulipasua. Ndiyo iliyokuwa sahihi yake. Kila dereva wa Changamwe aliijua sheria: tone likiwa zima, lawama ni ya Fundi, likivunjika, jilaumu mwenyewe.

Ijumaa moja, gari la shemeji likiwa gerejini kwa kubadilishwa oili, nikamwambia Fundi nina homa, sitakwenda msikitini. Akaniachia gereji, akaenda kuswali. Homa ilikuwa ya uongo. Nililikwangua lile tone kwa wembe, nikazungusha skrubu mzunguko wangu mmoja na nusu. Kuna mrija mwembamba ambamo upepo wa turbo ukizidi hupita kufungua kilango cha kuupunguza. Nikauziba kwa msumari, nikaufunika kwa kibano chake. Kisha nikatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha cha mke wangu mimi, nikatia tone jipya, nyekundu mahali pa nyekundu, nikalipuliza likauke kama mwari anayengojewa na shoga zake. Khutba ilikuwa ikisikika kwa kipaza sauti. Ningependa kuwaambia imamu alikuwa akizungumzia amana, ingenoga, lakini wallahi sikuwa nasikiliza.

Shemeji alipokuja kuchukua gari, Fundi hajarudi bado, akaniuliza, "Fundi ameridhia?"

Nikasema, "Ameridhia."

Neno moja. Nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na hilo sikuliandika.

Siku ya pili yake tukapanda Kibarani na saa yangu mkononi. Sekunde zilipungua mpaka nikadhani saa imeharibika. Wiki ileile shemeji akampita mwenzake palepale mlimani, akamwachia wingu jeusi kama masizi ya chungu. Pale stendi wakampa jina la Ndege. Mimi niliandika daftarini kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini yake, nikajipongeza kwa kikombe cha kahawa ambacho nilikinywa peke yangu, kwa sababu hapakuwa na mtu niliyeweza kumwambia.

Wiki mbili baadaye turbo ikaanza kupiga mluzi. Jumamosi asubuhi shemeji akalileta gari. Fundi akafungua boneti, akautazama ule moshi, kisha akainama akaligusa tone kwa ukucha wake. Aliuacha ukucha pale kwa muda. Mimi nilikuwa nyuma yake, daftari kwapani.

Akasema bila kugeuka, "Muhuri upo."

Palikuwa na nafasi pale, ndugu zangu. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile, bila saa. Ingetosha kwa maneno mawili: ni wangu.

Nikasema, "Labda ni nozeli."

Fundi akamwambia shemeji, "Washa nisikilize." Akachukua nyundo yake, akaiweka sikioni.

Shemeji akawasha, akakanyaga. Turbo ikavunjika ndani kwa ndani, na oili yake ikaanza kuingia kwenye injini. Dizeli haina plagi ya kusema ukiizima basi imezimika. Inakula chochote kinachoungua, na sasa ilikuwa inakula oili yake yenyewe. Shemeji alizima swichi, injini ikapanda sauti. Aliuchomoa ufunguo, akautazama kiganjani, na injini ikazidi kulia kama inachinjwa. Moshi ukajaa gereji. Mimi nilielewa kabla ya watu wote. Nilikuwa nimelifundisha jambo lile ubaoni, pamoja na dawa yake: ziba hewa. Maarifa yote nilikuwa nayo, nikakimbia nayo mpaka nyuma ya ukuta.

Fundi hakukimbia. Kando ya gari lile, chini ya pikapu, alikuwa amelala mtu wa kuchomelea, miguu tu inaonekana, hajui lolote. Injini ingepasuka, vyuma vingemkuta yeye kwanza. Fundi akang'oa mpira wa hewa, akakunja gunia, akalisukuma mdomoni mwa turbo kwa mkono wa kulia. Injini ikakohoa ikanyamaza. Ile feni ndogo ilikuwa imelimeza gunia, na pamoja nalo vidole viwili, cha shahada na cha kati.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Njia nzima nilimshikia mkono uliofungwa kanga, na njia nzima aliangalia dirishani.

Kilichofuata kilikwenda chenyewe, bila mimi kusukuma, ndiyo maana ilikuwa rahisi kujiambia sikufanya kitu. Madereva walikuja kulitazama gari. Tone liko zima. Shemeji, kwa moyo safi kabisa, aliwaambia, "Fundi mwenyewe aliridhia kuongeza." Haukupita mwezi, pale uwanjani ikawa habari ni hiyo: Fundi alitaka sifa, akafungua pampu kupita kiasi, Mungu akamwadhibu papo hapo. Magari yakaacha kuja. Gereji ikafungwa, Fundi akarudi kwao Likoni.

Na mimi? Nilikuwa nafundisha. Siku moja nimeichora pampu ubaoni, mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, hii skrubu ukiizungusha zaidi inakuwaje?" Nikawaambia ni mapumziko, na kengele bado. Kila Ijumaa nilipata homa. Nilikonda. Jirani mmoja alimwambia mke wangu huenda nimerogwa, nami nikaona ni afadhali ya kurogwa. Nilianza makala tatu za gazeti kuhusu uaminifu na sikuimaliza hata moja, na hilo labda ndilo jambo la uaminifu pekee nililofanya mwaka ule.

Kisha ikakaribia idi. Mke wangu akaenda kutafuta rangi yake ya kucha.

"Mwalimu."

Akiniita Mwalimu nyumbani, najua kuna mtihani.

"Naam."

"Rangi yangu imeganda. Na brashi yake inanuka dizeli. Mimi tangu lini napaka dizeli?"

Akakaa kitako mbele yangu, akakiweka kichupa mezani, baina yetu.

"Kaka yangu anasema tone lilikuwa zima," akasema. "Mji mzima unasema tone lilikuwa zima. Haya. Kivuko kipo kutwa. Utakwenda wewe Likoni, au niende mimi nikamwambie mke wa Fundi kwamba nimekuja kwa niaba ya kucha zangu?"

Nikaenda mimi.

Nyumba ya Fundi iko Likoni, upande wa kuelekea Shelly Beach. Nilipiga hodi, mkewe akanikaribisha kwa heshima ambayo sikuistahili: "Karibu Mwalimu, umetupotea. Mwenyewe yuko uani." Nilimkuta anafua nazi kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukishikilia tu. Nikamweleza yote nimesimama. Homa, wembe, msumari, kichupa. Hakuacha kufua.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoligusa. Rangi ya mke wangu imezeeka, ikikauka huota nyufa nyembamba kama tope la kiangazi. Lile lilikuwa linang'aa kama kucha za bi harusi."

"Sasa mbona hukusema?"

Akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Niseme nini? Kwamba mwenye shahada ameharibu, na mimi wa darasa la nne sikuharibu? Ungekana. Na wangekuamini." Akaisukuma nazi kwenye ncha ya kifuo. "Lakini si hivyo. Niliposema muhuri upo, nilikuwa na hakika utanizuia. Nilijua wewe ndiye unayejua kilichomo. Nikasema moyoni, huyu hawezi kuniacha niiname pale na yeye anajua. Nikangoja. Ukasema nozeli."

Nikaanza kumwomba radhi. Akaninyamazisha kwa kuuinua ule mkono.

"Radhi ya hapa uani nani ataisikia, mbuzi? Jina langu lilitupwa uwanja wa ndege. Kaliokote hukohuko."

Nikaenda uwanja wa ndege. Nilichagua saa ambayo ndege za wageni bado hazijatua, madereva wote wamekaa. Nimesimama mbele ya madarasa mengi maishani mwangu, lakini lile ndilo darasa pekee lililonisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza shemeji aliuliza kitu kimoja.

"Ulinambia ameridhia."

"Nilikwambia."

"Na mimi nikawaambia watu hawa."

"Ndiyo. Ulinibebea uongo wangu bila kujua."

Akaingia garini mwa mtu akafunga mlango. Injini yake niliilipia, hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Kunisemesha hakunisemesha mpaka idi mbili zikapita.

Aliyesimama kwanza ni yule mwenzake, mwenye injini kubwa isiyo na turbo, ambaye mambo yote haya yalianza kwa sababu yake. Akasema, "Mimi sina raha ya kumshinda mtu asiye na gari. Twendeni tukamchukue Fundi." Wakaenda magari matatu mpaka Likoni. Waliporudi naye, nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha ile injini kubwa, Fundi mbele, nayo ikaupanda mlima wa Kibarani taratibu kama bibi anayekwenda arusini. Hakuna aliyepima. Saa nilikuwa nimeirudisha chuoni.

Tangu hapo, miaka saba sasa, kila Jumamosi niko gerejini kwa Fundi. Skrubu ndogo za pampu zinataka vidole viwili ambavyo yeye hana. Yeye husikiliza na nyundo yake, mimi hukaza anaponiambia kaza na huacha anaponiambia acha. Ananituma kama anavyomtuma mtu yeyote. Mwanzoni alikuwa akiniambia, "Mwalimu, mzunguko robo. Robo, si mmoja na nusu," na gereji nzima inacheka. Siku hizi amelichoka hilo, husema robo tu.

Na ndiyo maana, ninyi wenye magari yaliyopita kwetu, mkifungua boneti mnaona matone mawili juu ya skrubu na si moja. Wengine mmeniuliza, nami nikageuza maneno. Moja ni la Fundi, kutoka kichupa kilekile. La pili ni langu. Ndilo sharti lililotoka kwake siku ya kwanza: "Likiharibika, safari hii tutaulizwa wote."

Namshukuru mke wangu, aliyekataa kununua kichupa kingine mpaka nivuke. Namshukuru yule dereva wa injini kubwa. Namshukuru shemeji, aliyerudi kunisemesha kwa neno "lete chumvi", nikaileta kwa mikono miwili. Namshukuru mke wa Fundi, ambaye rangi yake ndiyo iliyotia sahihi nusu ya magari ya Changamwe. Fundi namshukuru kwa kazi aliyonipa. Kwa kunisamehe simshukuru, kwa sababu hajasema amenisamehe, nami sijamuuliza tena. Nikimuuliza nitakuwa namwongezea kazi.

Somo langu ni fupi, na mnaweza kulitumia kesho asubuhi. Ukigusa kitu cha mwenzako, sema umegusa, kabla hajawasha. Baada ya kuwasha, hayo si maungamo tena, ni maelezo.

Mwenyekiti, nimemaliza. Sasa utawaomba watu wainue mikono. Sikumtaja mtu kwa jina, ingawa naona nyote mmeshageuka kumtazama kule nyuma, karibu na mlango. Wengine inueni au msiinue mnavyoona. Yeye sikumwomba chochote, na njia nzima tuliyokuja pamoja leo tulizungumza nozeli tu. Nitangoja mkono wake. Safari hii sina neno la kusema katikati.